Mbung'o, malale na seli inayozaa watoto wasiolingana

Wanaoishi Usinge na vijiji vingine vya wilaya ya Kaliua hawahitaji kufundishwa mbung'o ni nani. Wengi wanamwita ndorobo. Ni inzi wa rangi ya kahawia ambaye akitulia hulaza bawa moja juu ya jingine kama makali ya mkasi uliofungwa. Huuma mchana, hupenya nguo, na hufuata baiskeli, pikipiki na ng'ombe wanaotembea. Warina asali, wakata mbao, wavuvi wa Ugalla na wachungaji wanaoingia miombo wanamjua vizuri.

Lakini kuna swali ambalo wasikilizaji huuliza mara kwa mara, nalo ni zuri: kama mbung'o ndiye analeta malale, inakuwaje mtu aumwe mara mia kwa msimu mmoja asiugue, na mwingine aumwe siku chache tu akapata ugonjwa unaoweza kumuua?

Jibu lake lipo ndani ya mwili wa mbung'o. Kimelea cha malale kinatakiwa kusafiri safari ngumu kutoka tumboni mwa inzi hadi kwenye mate yake, na ili kufika, seli yake moja hulazimika kugawanyika katika sehemu mbili zisizo sawa. Makala hii inaeleza mgawanyiko huo, kwa nini ni mgumu, na una maana gani kwa mtu anayeishi na mbung'o.

Kugawanyika sawa na kugawanyika kusiko sawa

Kila kiumbe kimejengwa kwa seli. Seli ni kijumba kidogo chenye uhai, kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona bila hadubini. Mwili wako una matrilioni ya seli. Kimelea cha malale ni seli moja tu. Hiyo hiyo ndiyo mwili wake mzima. Ukivipanga vimelea hivyo kimoja mbele ya kingine, unahitaji kama 40 au 50 kutimiza urefu wa milimita moja.

Seli huongezeka kwa kugawanyika. Mara nyingi mgawanyiko ni wa haki: seli moja inakuwa mbili zinazofanana kwa ukubwa na kwa kazi. Ndivyo ngozi inavyoziba jeraha, na ndivyo kimelea kinavyozaana ndani ya damu.

Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo mgawanyiko wa haki haufai kitu. Ikiwa kila seli itazaa inayofanana nayo kabisa, hutapata kamwe kitu kipya. Yai lingezaa fungu la mayai, lisizae kuku mwenye macho, miguu na ubongo. Kwa hiyo maumbile yana njia ya pili: seli moja hupanga mali zake upande mmoja, kisha hukatika, na watoto wawili huzaliwa wakiwa na urithi tofauti.

Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kundi la nyuki linapokuwa kubwa, hugawanyika. Malkia mkongwe huondoka na kundi kubwa kwenda kutafuta makazi, na wanaobaki hubaki na masega, asali na malkia mpya anayechipukia. Wote ni wa ukoo mmoja, lakini kundi moja sasa ni la safari na jingine ni la nyumbani. Tofauti imetokana na nani alichukua nini siku ya kugawana.

Inzi wa ndizi mbivu aliyewafundisha wanasayansi

Mgawanyiko usio sawa umechunguzwa zaidi kwa inzi mwingine kabisa, asiyeuma mtu wala mnyama. Ni kile kiinzi kidogo chenye macho mekundu kinachozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, maembe yaliyopasuka na vyombo vya pombe. Asichanganywe na yule inzi mkubwa kidogo anayetaga ndani ya maembe na kuwaharibia wakulima mazao. Huyu mdogo hufuata chachu ya matunda yanayooza. Wanasayansi wamemfuga kwenye chupa za maabara kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu ni rahisi kumlisha na kizazi chake hukamilika kwa siku kama kumi tu.

Si mgeni kwetu. Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta akiishi porini Zimbabwe, mbali na nyumba za watu, kwenye matunda ya mng'ongo. Yule anayefugwa katika vyuo vya Marekani na Ulaya ana babu zake katika mapori ya bara hili. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka nchini Uganda, kimekuwa kikiandaa mafunzo ya kumtumia inzi huyu katika utafiti, na vijana wa Afrika Mashariki wamepitia huko.

Yai la inzi huyu ni dogo kama punje ya chumvi, na huanguliwa kwa siku moja hivi. Ndani ya saa hizo chache lazima ijengwe mishipa yote ya fahamu ya funza atakayetoka. Kazi hiyo hufanywa na seli maalumu, ambazo hapa tutaziita seli mama za neva. Zipo kama 30 kila upande wa kila pingili ya mwili wa kiinitete. Hutoka kwenye safu ya seli za upande wa tumboni, zikajitenga na wenzake na kuzama ndani kidogo, kisha zinaanza kugawanyika.

Kabla ya kugawanyika, seli mama hupanga vitu vyake. Protini fulani hukusanyika juu, kwenye upande uliotazama nje ya kiinitete. Hizo ndizo zinazotoa amri. Amri yao husukuma protini nyingine ziende chini. Miongoni mwa hizo za chini ziko mbili ambazo wanasayansi wamezipa majina Numb na Prospero. Kisha seli hukatika, na haikatiki katikati. Sehemu ya juu ni kubwa, nayo hubaki kuwa seli mama ileile, tayari kugawanyika tena na tena. Sehemu ya chini ni ndogo, imebeba Numb na Prospero. Prospero huingia kwenye kiini cha seli hiyo ndogo na kuiamuru iache kuwa mama. Kwa kawaida seli hiyo ndogo hugawanyika mara moja tu, na hao wawili wanaotoka huwa seli za neva au wasaidizi wake. Basi. Hawagawanyiki tena.

Kwamba Numb huenda kwa mtoto mmoja na kumkosa mwenzake kulithibitishwa mwaka 1994, na ya Prospero yakafuata mwaka uliofuata. Tangu hapo protini za jamaa hizo zimeonekana pia kwa panya na kwa binadamu.

Mpango huo ukivurugika, madhara ni makubwa. Katika bongo za funza wenye hitilafu ya urithi, seli mama huzaa seli mama wenzake wawili badala ya mama na mtoto, nao hao huzaa wanne, na mwisho unapata uvimbe usiokoma kukua. Mwaka 2005 watafiti walichukua vipande vya bongo za namna hiyo, wakavipandikiza tumboni mwa inzi wazima, na uvimbe ukaenea kama saratani. Ndiyo sababu watu wa saratani nao wanamfuatilia kiinzi huyu wa ndizi.

Kumbuka sura hii: mmoja anabaki, mwingine anaondoka akiwa na kazi mpya. Tutaikuta tena, mahali ambapo hatungetarajia.

Safari ya kimelea ndani ya mbung'o

Ni Mjerumani Friedrich Karl Kleine ambaye, akifanya kazi kando ya Ziwa Viktoria katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha mwaka 1909 kwamba mbung'o si sindano chafu tu. Kabla yake wengi waliamini kuwa inzi hubeba damu mdomoni kutoka kwa mgonjwa na kumpaka mzima. Kleine aligundua kuwa mbung'o aliyekunywa damu yenye vimelea hakuambukiza siku zilizofuata, bali alianza kuambukiza baada ya wiki kadhaa. Maana yake kulikuwa na jambo linaloendelea ndani yake. Miaka michache baadaye Muriel Robertson, mwanasayansi Mwingereza aliyefanya kazi Uganda, alipasua mbung'o kwa mamia na kufuata hatua kwa hatua vimelea vinapopita. Ramani aliyoichapisha mwaka 1913 bado inaheshimika.

Safari yenyewe iko hivi. Mbung'o anaponyonya damu ya mtu au mnyama mwenye vimelea, damu hiyo inaingia utumboni mwake. Vimelea vingi hufa hapo hapo. Vinavyosalia hubadilika na kuzaana kwa njia ya kawaida, sawa kwa sawa. Lakini utumbo wa mbung'o umewekwa utando laini ndani yake, kama mfuko unaofunga damu aliyoimeza. Vimelea vinapaswa kutoka nje ya mfuko huo, kuzaana tena katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya mfuko na ukuta wa utumbo, kisha kupanda kuelekea shingoni. Pale umio unapokutana na utumbo kuna kifundo kidogo. Vimelea hufika hapo vikiwa virefu na vyembamba.

Sasa inakuja shida. Makazi ya mwisho ni tezi za mate. Hizo ni mirija miwili mirefu inayoanzia karibu na mdomo na kurudi nyuma hadi tumboni. Hakuna mlango kutoka utumboni kwenda kwenye tezi. Kimelea lazima kipande hadi mdomoni, kigeuze, kiingie kwenye kimfereji chembamba sana, kisha kishuke tena ndani ya tezi. Na kikifika lazima kijishikize ukutani, la sivyo kinasukumwa nje na mate. Kimelea kirefu chenye nguvu ya kuogelea kinafaa kwa safari, ila si kwa kujishikiza. Kifupi kinafaa kujishikiza, ila hakiogelei vizuri.

Kimelea hutatua shida hii kwa kugawanyika kusiko sawa. Kila kimelea cha malale kina mkia mmoja mwembamba, nao ndio unaokipa mwendo. Kabla ya kugawanyika kwa kawaida, huota mkia wa pili kando ya ule wa zamani, kisha seli hukatika na kila mtoto anaondoka na mkia wake. Kwenye kile kifundo cha shingoni, mkia wa pili unaoota ni mfupi sana. Seli inapokatika hutoka mtoto mmoja mrefu, mwenye mkia wa zamani, na mwingine mfupi kabisa. Watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walieleza vimelea hivi mwaka 1999, na mwaka 2008 wenzao wa Uingereza wakaonyesha kwa undani jinsi mkia mfupi unavyoamua urefu wa mtoto. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli ndefu inasafiri ikiwa katikati ya kugawanyika: mrefu anaogelea, mfupi anabebwa kama mtoto mgongoni mwa mamaye. Wakifika kwenye tezi, mfupi hujishikiza kwa mkia wake na kuanza maisha mapya. Mrefu kazi yake imekwisha, naye hufa.

Kila tone la safari hii lina hasara. Ni vimelea vichache mno vinavyofikia tezi, na katika mbung'o wengi havifiki kabisa.

Kiwanda ndani ya tezi za mate

Vile vifupi vilivyofika kwanza huzaana sawa kwa sawa hadi vinapojaza ukuta wa tezi. Halafu inaanza awamu nyingine, na hapa ndipo tunaporudi kwa kiinzi wa ndizi. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walitangaza kuwa wameona mgawanyiko mwingine usio sawa ndani ya tezi. Kimelea kilichojishikiza ukutani hugawanyika, na kati ya watoto wawili mmoja hubaki ameshika ukuta kama mzazi wake, tayari kugawanyika tena. Mwingine hubadilika umbo, huvaa koti jipya la protini linalofaa kwa damu ya mnyama au binadamu, huachia ukuta, na kuelea ndani ya mate akisubiri mbung'o aume. Huyu wa pili hagawanyiki tena ndani ya inzi. Hata protini za mkia wake hazifanani na za ndugu yake aliyebaki.

Ni mpango uleule wa seli mama ya neva: mmoja anabaki kuzaa, mwingine anakwenda kazini. Viumbe hivi viwili vimeachana katika ukoo wa uhai muda mrefu kupita kiasi, na hakuna ushahidi kwamba vinatumia protini zilezile kuugawa urithi. Kilichofanana ni njia ya kutatua tatizo. Ukitaka kiwanda kisichosimama, lazima kila unapotoa bidhaa ubakize mtambo.

Na kiwanda hiki kweli hakisimami. Mbung'o ambaye tezi zake zimeshaambukizwa hubaki hivyo maisha yake yote. Kila anapouma, anatema mate yenye vimelea, na kabla ya mlo unaofuata mate yamejaa tena.

Kwa nini mara mia uumwe usiugue

Tangu mbung'o anywe damu yenye vimelea hadi mate yake yawe hatari hupita wiki tatu hivi, wakati mwingine zaidi. Mbung'o dume kwa kawaida haishi muda mrefu. Jike anaweza kufikisha miezi miwili, mitatu. Wengi hufa kabla safari ya kimelea haijaisha. Ongeza vimelea vinavyokufa utumboni, na vile vinavyoshindwa kupata njia ya kwenda kwenye tezi, utaelewa kwa nini mbung'o wa porini wenye vimelea hivi kwenye tezi za mate huwa chini ya mmoja kati ya mia, na mara nyingi ni wachache zaidi ya hapo.

Tofauti inaonekana ukilinganisha na vimelea vya nagana ya ng'ombe. Kuna aina ambayo haiendi utumboni kabisa, inakaa mdomoni tu mwa mbung'o. Nyingine hupita utumboni na kurudi mdomoni bila kuingia kwenye tezi. Njia zao ni fupi, na mbung'o wanaozibeba ni wengi zaidi. Ndiyo maana mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe wengi kwa nagana mahali ambapo malale kwa watu ni nadra.

Kuna kinga nyingine ndani yetu wenyewe. Damu ya binadamu ina protini inayoua vimelea vingi vya jamii hii. Vile vinavyosababisha malale ya Tanzania vimepata kinga dhidi ya protini hiyo. Vingine vinavyofanana navyo kabisa kwa macho hubaki kuwa vya wanyama.

Idadi nayo ina maana. Katika maabara ya Tinde, pale njia ya kutoka Nzega inapokaribia Shinyanga, watafiti wa enzi ya Waingereza, Fairbairn na Burtt, waliruhusu mbung'o wenye vimelea kuwauma watu waliojitolea. Matokeo yao ya mwaka 1946 yalionyesha kwamba kimelea kimoja hakitoshi. Mtu anahitaji kuingiziwa mamia ndipo augue. Majaribio ya aina hiyo kwa binadamu hayangeruhusiwa leo, na ni haki yasiruhusiwe. Lakini yanaeleza kwa nini kile kiwanda cha kwenye tezi ni cha lazima kwa kimelea: bila wingi huo, kuumwa hakuambukizi.

Njia ya misafara na historia ya hofu

Mbung'o amepanga historia ya Tabora kwa namna ambayo mara nyingi tunaisahau. Njia kuu ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora kuvuka mto Malagarasi hadi Ujiji, ilitembewa kwa miguu. Pembe na vitambaa vilibebwa mabegani na mapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Si kwamba hakuna aliyefikiria mikokoteni. Mwaka 1876 Roger Price wa Jumuiya ya Wamisionari ya London alitembeza maksai wanne kutoka Saadani hadi Mpwapwa wakafika salama, akaamini njia imepatikana. Msafara wenye mikokoteni uliofuata mwaka 1877 uliwapoteza maksai wake. Pagazi aliendelea kubeba hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Kaliua na Usinge.

Malale kwa watu ilitisha zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 Uganda, hasa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria. Katika Tanganyika ugonjwa ulijitokeza Maswa mwaka 1922, kisha ukaonekana sehemu nyingi za magharibi. Serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa daktari George Maclean aliyesimamia malale, iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika porini na kuwakusanya kwenye vijiji vikubwa vilivyofyekwa. Maambukizi yalipungua. Lakini mashamba na makaburi ya watu yaliachwa, na mapori yaliyoachwa yakazidi kuwa ya mbung'o. Baadhi ya mapori mnayoyaona leo bila watu yana historia hiyo.

Ugonjwa haukuisha. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Luke Matemba wa kituo cha NIMR Tabora walichapisha utafiti kuhusu mzigo wa malale katika wilaya ya Urambo, ambayo wakati huo ilijumuisha Kaliua ya leo.

Mahali pa kuvunja mnyororo

Kwa kuwa kimelea kinahitaji wiki tatu ndani ya inzi, kila kinachofupisha maisha ya mbung'o kinavunja kiwanda kabla hakijafunguliwa. Huhitaji kumaliza mbung'o wote. Kunyunyizia au kuogesha ng'ombe dawa ya kuua wadudu husaidia mara mbili: mbung'o anayemtua ng'ombe huyo hufa, na ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa amebeba vimelea vya malale bila kuonekana mgonjwa. Hilo la pili ndilo wengi hawalijui. Mitego na vitambaa vya bluu na nyeusi vyenye dawa hufanya kazi kwa sababu rangi hizo humvutia mbung'o. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekwenda porini asivae bluu iliyokolea wala nyeusi. Kaki au rangi ya udongo, kitambaa kizito, mikono mirefu.

Mbung'o jike huzaa funza mmoja kwa wakati mmoja, baada ya kumlea tumboni kwa maziwa yake. Kwa mdudu, huo ni uzazi wa polepole sana, na ndio udhaifu wake. Unguja iliutumia: kwa mitego, dawa kwenye mifugo na kuachia madume waliofanywa tasa, wengi wao wakizalishwa Tanga, mbung'o alimalizwa kisiwani na mwaka 1997 akatangazwa kutokomezwa. Bara, penye mapori yanayoungana kutoka Ugalla hadi Moyowosi na kwingineko, hakuna bahari ya kuwazuia wasirudi.

Ukipata homa

Malale ya Tanzania ni ile ya haraka. Haichukui miaka kama ile ya Kongo na Afrika Magharibi. Bila matibabu huua ndani ya wiki au miezi. Baadhi ya watu hupata uvimbe wenye maumivu mahali walipoumwa, siku chache baadaye. Kisha homa inayokuja na kwenda, kichwa kuuma, viungo kuuma, tezi kuvimba. Baadaye vimelea huingia kwenye ubongo, na hapo mgonjwa huchanganyikiwa, hukosa usingizi usiku na kusinzia mchana. Kwa mwanzo wake hufanana sana na malaria, na wengi huchelewa kwa sababu wanameza dawa za malaria mara ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo ikiwa umekuwa porini, au unaishi palipo na mbung'o, na homa haiishi baada ya dawa ya malaria, au kipimo cha haraka cha malaria kimesema huna, mwambie mhudumu wa afya kwa maneno wazi: "Nimeumwa na ndorobo, naomba damu yangu iangaliwe malale." Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale hata kidogo. Damu lazima iwekwe kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, ileile inayotumika kutafuta malaria. Katika malale yetu vimelea huwa vingi kwenye damu kiasi kwamba mtaalamu akikumbuka kutafuta, mara nyingi ataviona vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu.

Kwa miaka mingi mgonjwa ambaye ubongo wake umeingiliwa alitibiwa kwa sindano za melarsoprol, dawa yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopendekeza fexinidazole, vidonge vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, vitumike kwanza kwa malale hii ya Afrika Mashariki. Hunywewa mara moja kwa siku kwa siku 10, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, na lazima mgonjwa awe amekula chakula, kwa sababu vikinywewa na njaa mwili hauvipokei vya kutosha.